Mzee ana presha, sukari na figo kwa pamoja? Anza na anapoishi (kwa watu wa Moshi na Arusha)

Wengi tukisikia mzee ana magonjwa mawili matatu ya kudumu tunasema ni umri tu, kwani siku hizi kuna mzee asiye na presha? Umri unachangia kweli ila anapoishi nako kunachangia sana, na ukijua hilo unajua pia uulize nini kliniki. Kuna utafiti ulipima figo za watu wazima wa Moshi mjini na vijijini, majibu yakatoka 2015: mjini waliokuwa na ugonjwa sugu wa figo ni kama 15 katika kila 100, vijijini 2 tu. Mkoa mmoja huo, daladala nusu saa! Lakini usikimbilie kusema basi kijijini ni salama, maana wilaya ya Hai wazee wa vijijini wa miaka 70 na kuendelea walipopimwa, karibu 70 katika kila 100 walikutwa na presha na wengi hata walikuwa hawajijui. Huko Uskochi nako, kwenye utafiti mkubwa wa 2012, watu wa maeneo maskini walikuwa wanaanza kurundikana magonjwa miaka 10 hadi 15 mapema kuliko wenzao wa maeneo yenye hela.

Sasa ukikutana na namba za hivi, kabla hujaanza kusambaza kwenye group la familia kwamba mkoa fulani wanaumwa kuliko mwingine, angalia vitu viwili. Waliopimwa wana umri gani, maana Kilimanjaro ina wazee wengi na penye wazee wengi lazima magonjwa sugu yawe mengi, kwahiyo linganisha wa miaka 60 na wa miaka 60. Afu angalia kama walifuatwa majumbani au zimehesabiwa kadi za hospitali tu, kwasababu sehemu isiyo na kipimo itaonekana haina ugonjwa kumbe watu wanaumwa kimya kimya.

Tuje nyumbani. Chukua daftari, ukurasa wa kwanza usiandike magonjwa, andika maisha yake: amekulia wapi, amekaa wapi muda mrefu, kazi gani, maji ya wapi, anapikia nini. Mzee aliyechimba madini Mererani miaka mingi amevuta vumbi la mawe, akikohoa wiki mbili usimpe tu dawa ya kikohozi, aende akapimwe TB na kifua kiangaliwe, na kama ana sukari ndio uwahi kabisa maana mwenye sukari hatari yake ya kupata TB ni mara mbili hadi tatu ya mtu asiye nayo. Mama aliyepikia kuni jiko lisilo na dirisha maisha yake yote akianza kuhema kwa shida, mwambie daktari habari ya moshi, wasiangalie moyo peke yake.

Hapa kwenye maji naomba tukae kidogo. Upande wa Meru, kuanzia Maji ya Chai hadi Ngarenanyuki, maji ya sehemu nyingi yana floraidi (aina ya madini) nyingi sana, meno ya kahawia mnayaona wenyewe. Ila haiishii kwenye meno, ikizidi kwa miaka mingi inaingia kwenye mifupa, mgongo unakakamaa, magoti yanauma. Mzee akiumwa mgongo anafanyaje? Anameza diklofenak, dawa ya maumivu, kila siku, na hizo zikitumika mfululizo zinapandisha presha na kuumiza figo. Kwahiyo maji yameleta mgongo, mgongo umeleta vidonge, vidonge vinakaribisha presha na figo, afu tunasema uzee! Kuchemsha hakutoi floraidi, maji yakipungua kwenye sufuria yenyewe inabaki. Maji ya mvua yaliyovunwa vizuri ni afadhali sana kwa kunywa na kupikia, au chujio la mkaa wa mifupa, wale wa kituo cha kuondoa floraidi cha Ngurdoto wameifanyia kazi hii kitu miaka mingi. Na magadi tunayotupia kwenye maharage na kiburu yaive haraka, yana chumvichumvi ya kupandisha presha na mara nyingi yana floraidi pia. Loweka maharage usiku kucha, yanaiva bila magadi.

Ukurasa wa pili ndio dawa. Usimuulize anatumia dawa gani maana atakutajia za hospitali tu, mwambie alete mfuko wote umwage mezani. Mama yangu mkubwa wa Kibosho alimwaga wake, za presha, za sukari, na chini kabisa vidonge kwenye kikaratasi cha kaki.
"Hizi za nini mama?"
"Aa hizo za mgongo mwanangu, nachukuaga hapo kwa mangi."
Hizo za dukani kwa mangi ndizo hazimo kwenye kadi yoyote. Andika zote, na mitishamba pia, na mbege kama anakunywa, bila kumgombeza maana ukimgombeza safari ijayo atazificha.

Kliniki nenda na daftari. Kama presha ana kadi yake na sukari ana kadi nyingine, madaktari tofauti, siku tofauti, omba kila mmoja aone daftari lote. Omba apimwe kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinafanyaje kazi) na protini kwenye mkojo, kwasababu presha na sukari zote mbili zinashambulia figo na figo haiumi mapema. Ikionekana figo zimechoka, uliza kama dozi ya metformin, ile dawa ya sukari, ibaki ileile, na uliza habari ya ndizi, maana zina potasiamu na figo ikishindwa kuitoa inaleta shida kwenye moyo. Usimkatie mtori kwa kusikia tu, huyo ni mtu wa mlimani, subiri majibu ya damu. Kama ana miaka 60 na kuendelea na hana uwezo, ulizia utaratibu wa msamaha wa wazee, unaanzia serikali ya mtaa au kijiji.

Mwisho, hizi ziandike kwenye jalada la daftari kila mtu wa nyumbani azione. Mdomo umepinda ghafla, mkono umelegea au maneno hayaeleweki, ni hospitali saa hiyohiyo, msisubiri asubuhi. Anayetumia dawa ya sukari akitoka jasho, akitetemeka au akianza kuongea vitu visivyoeleweka, kama anaweza kumeza mpe soda yenye sukari au maji ya sukari haraka, kama hawezi msimmiminie kitu mdomoni, tafuteni usafiri.