Boma Lijengwe Wapi? Pima kwa Mwendo wa Punda

Huku kwetu Simanjiro, Umasaini, mwanamke ndiye anayejenga nyumba, na ndiye anayeteka maji. Kwa hiyo, binti yangu, wanaume wakikaa chini ya mgunga kujadili boma jipya, nenda nawe ukaseme neno lako.

Usikubali boma likae kando ya lambo, yaani bwawa la kunyweshea mifugo. Mwaka 2009, ule wa ukame mkubwa, sisi tulijenga karibu hivyo. Niliweza kumwita mtoto akiwa majini naye akanisikia. Nilidhani nimepumzika. Kumbe mifugo ya kila boma ilipita mlangoni kwetu kwenda kunywa, ikila na kukanyaga, na kiangazi hakijafika hata nusu, pakabaki vumbi tupu. Maji tunayo, jani hakuna. Walianza kufa ndama, maana wao hawawezi kufuata malisho ya mbali. Bado naumia nikikumbuka.

Sasa napima hivi. Alfajiri natoka na punda pale panapopendekezwa, naenda majini, nateka, narudi. Jua likiwa halijawa kali nimeshafika, panafaa. Punda mwenye nguvu hubeba madumu manne ya lita 20, mawili kila ubavu. Safari ikila siku nzima, kataa bila aibu: atachoka punda, na wewe utachoka zaidi yake.

Ng'ombe wakubwa wasikutie hofu. Kiangazi wanazoea kunywa leo, kesho wakashinda malishoni bila maji. Ndiyo maana boma linafaa kuwa kati ya maji na majani: siku ya kunywa wanaelekea huku, siku ya kula wanaelekea kule. Ndama ndio wa kuhurumiwa. Hakikisha karibu na boma pana alalili, malisho yaliyotengwa kwa ajili yao na ng'ombe wagonjwa, na majirani wanayaheshimu.

Halafu uliza maji ni ya nani. Lambo la kijiji lina kamati. Kisima kilichochimbwa kwa mikono kina mwenyewe na ukoo wake, hata kama siku uliyopita hukuona mtu. Visima vingine ni virefu, vijana husimama ndani wakipokezana ndoo hadi juu kwenye mbauti, birika wanamonywea mifugo. Kazi kama hiyo haichukuliwi bure. Mume wako aende kwa wazee kuomba zamu, na asirudi na jibu la "tutaona". Fito ukate mkishapewa siku yenu.