Somo: Kutengeneza AM maabara na kuirudisha ishara bila kuikata

Katika maabara ya mawasiliano, zoezi la AM (modulesheni ya amplitudo, ambapo ujumbe unabadilisha ukubwa wa wimbi bebaji) huonekana jepesi. Mawimbi yanapendeza kwenye kioo cha oskiloskopu (skopu), mtu anapiga picha, anaandika ripoti. Kasheshe iko kwenye kitambua bahasha, saketi inayorudisha ujumbe kwa kufuata mstari wa vilele vya wimbi (bahasha), yaani diodi moja, rezista moja na kapasita moja. Wengi huokota kapasita yoyote iliyo karibu, na kwa modulesheni ya asilimia 50 inakubali. Msimamizi akiomba asilimia 90, ishara inatoka imeharibika na hakuna anayejua kwa nini. Hesabu fupi ingesema mapema.

Hatua ya 1: Kuunda wimbi la AM

Tumia chipu ya kuzidisha, AD633, kwa umeme wa +15 V na −15 V. Inazidisha ingizo X kwa ingizo Y kisha inagawa kwa 10. Unganisha X2, Y2 na Z kwenye ardhi. Kwenye Y1 ingiza wimbi bebaji: 100 kHz, kilele 4 V. Kwenye X1 ingiza ujumbe: sine ya 1 kHz, kilele 2.5 V, ukiwa umepandishwa kwa DC ya 5 V. Bila DC hiyo bebaji inatoweka, unabaki na kanda mbili za pembeni tu.

Angalia menyu ya jenereta kabla ya kuunganisha. Ikiwa imepangwa kwa mzigo wa 50 Ω ilhali mzigo wako ni mkubwa, volti zinazotoka ni maradufu ya zile zilizoandikwa, na AD633 haipendi kuvuka 10 V kwenye ingizo.

Hatua ya 2: Kupima kielezo cha modulesheni (m)

Weka probu kwenye ×10, na chaneli nayo iambie ni ×10. Triga, inayoanzisha mchoro wa skopu, ichukue kutoka kwenye ujumbe. Ukiiacha kwenye AM yenyewe, picha itacheza hadi macho yaume.

Soma upana mkubwa na upana mdogo wa wimbi, kilele hadi kilele. Hapa utapata karibu 6 V na 2 V:

m = (6 − 2) / (6 + 2) = 0.5

Hiyo ni asilimia 50, sawa na 2.5 V ya ujumbe kugawa kwa 5 V ya DC. Kwa uhakika zaidi fungua FFT (mchoro wa masafa yaliyomo kwenye wimbi): utaona 100 kHz katikati, 99 na 101 pembeni, kila pembeni ikiwa chini ya bebaji kwa takriban 12 dB.

Hatua ya 3: Kuchagua R na C

Hapa usikimbie. RC (R mara C) lazima iwe kubwa kuliko kipindi cha bebaji (10 µs), la sivyo kapasita inajimwaga kati ya vilele na bahasha inajaa vijino. Lakini isizidi kiasi ambacho bahasha inaposhuka kapasita inabaki juu. Kikomo hicho, fm ikiwa masafa ya ujumbe, ni:

RC ≤ √(1 − m²) / (2π · fm · m)

Kwa m = 0.5 na ujumbe wa 1 kHz, kikomo ni kama 276 µs. Kwa hiyo 10 kΩ na 10 nF, yaani 100 µs, zinafaa. Sasa weka m = 0.9: kikomo kinaporomoka hadi 77 µs. Vifaa vilevile, na tayari umevuka mpaka. Badilisha kapasita iwe 4.7 nF, upate 47 µs. Kwa maoni yangu, kila ripoti ingepaswa kuanza na hesabu ya m kubwa kabisa utakayoifikia, kwa sababu hiyo ndiyo inayochagua kapasita.

Hatua ya 4: Diodi na tokeo

Anodi ya diodi kwenye tokeo la AD633. R na C sambamba, kutoka katodi hadi ardhini. Linganisha tokeo na ujumbe kwenye chaneli mbili.

Maswali ya wanachama

*waya_mwekundu:* Mkuu, nimeweka 4.7 nF kama ulivyosema, m ni 0.9, lakini chini ya wimbi pamekuwa bapa. Hesabu imekosea?

Hesabu iko sawa, ndugu. Hiyo ni diodi. Bebaji yako ina kilele cha 2 V, na kwa m = 0.9 bonde la bahasha linashuka hadi 0.2 V, diodi ya silikoni inataka kama 0.6 V ndipo ipitishe. Tumia diodi ya jerimaniamu na uongeze bebaji. Namna ya kutofautisha: RC ikizidi, upande unaoshuka unakuwa mstari wa mshazari, diodi ikishindwa, chini panakuwa bapa.

*mwaka_wa_3:* Mimi napata m = 0.44, si 0.5. Nilisahau pia kupanga ×10 kwenye chaneli. Ndiyo sababu?

Hapana, kosa la ×10 linajifuta kwenye uwiano. Pima DC ya X1 kwa multimita. Ikisoma karibu 5.7 V badala ya 5, umeshapata jibu.

*sine_na_kosine:* Nikivuka m = 1 je, fomula bado inafanya kazi?

Ukisoma upana tu, haifanyi. Weka skopu kwenye XY, ujumbe kwenye X na AM kwenye Y. Chini ya 1 utaona trapeza, kwenye 1 pembetatu, na zaidi ya 1 pembetatu mbili zinazogusana kwa ncha. Hapo awamu ya bebaji inageuka, na kitambua bahasha hakiwezi kurudisha ujumbe. Unahitaji kitambuzi sinkronasi, kinachozidisha AM kwa bebaji yenye awamu ileile.

*kimyakimya:* Naona wimbi la 200 Hz ambalo sikuliweka. Bebaji yangu ni 100.2 kHz.

Bila shaka umeweka 50 ms kwa kigawanyo. Skopu yenye nukta 2500 kwa vigawanyo 10 hapo inachukua sampuli 5000 tu kwa sekunde, na 100.2 kHz inajikunja kuwa 200 Hz. Rudi kwenye 200 µs, litapotea. Utakutana nalo tena kwenye zoezi la PCM (kugeuza ishara kuwa namba): kwa sampuli 8000 kwa sekunde, toni ya 5 kHz inatoka kama 3 kHz, na kichujio ukikiweka baada ya kuchukua sampuli hakisaidii kitu.