Rekodi melodi kabla hujafungua laptopu

Kwa mnaofanya ushauri wa mazingira mchana na usiku mnaandika nyimbo: ukitoka saiti kaa kwenye gari dakika 5 urekodi kwa simu melodi yoyote inayokujia, na uiimbe kwa maneno yale yale ya watu uliowasikia, mfano kule Gazi, pwani ya Kenya, mvuvi anakwambia mikoko ikikatwa samaki nao wanahama, coz ukishaanza ripoti kichwa kinajaa "hewa ukaa" na "wadau" na wimbo ndo umekufa hapo, mi nimepoteza kadhaa hivyo. Inagoma ukiwa na mteja garini (aibu tupu). Na kama mmesaini mkataba wa usiri, jina la kampuni na takwimu zao usiziimbe kabisa.