Robe ya soaré ya mikunjo, unaifanya mwenyewe hapa hapa Bukavu

Banadada, kama uko na ndoa ya kwenda na umechoka robe za kubana, jaribu hii ya mikunjo midogo midogo, inaitwa Delphos. Mariano Fortuny, fundi wa mitindo, njo aliitosha kule Venezia, Italia, karibu 1907, na yeye mwenyewe aliandika kama ni bibi yake Henriette njo aliibuni, lakini jina lilibakia la bwana, munajua vile inaendaka. Waliiga nguo za Bagiriki ba zamani, kiuno hakikatwe, kitambaa kinashuka tu toka mabega mpaka chini.

Yao ilikuwa ya hariri, sasa hariri ikilowa mikunjo inatoka, bateja walikuwa wanairudisha kwake ikunjwe upya. Wewe uza satini nyepesi ya poliesta pale Kadutu. Usiamini mdomo wa mwenye kuuzisha, omba kauzi kamoja ukachome na kiberiti: kakiyeyuka na kufanya kadonge kagumu, ni yenyewe, kakibakia majivu na harufu ya karatasi, acha. Kama matako iko meta 1, upana wote ukuwe meta 3 ao kupita, juu mikunjo inakula kitambaa. Urefu ongeza santimeta 15, inapaswa imwangike kidogo ku miguu.

Pindo la chini shona mbele ya kukunja, kiisha itakuwa taabu. Halafu piga mistari ya bati (pointi kubwa kubwa za kuvutika) na mkono kufwata upana, kila santimeta 10, na pointi za mistari yote zilingane, hapo njo mikunjo inanyooka. Lowesha, vuta nyuzi polepole mpaka ikuwe kamba nene, ikamue kwa kuipindua, funga na kamba ya pamba, weka ku mvuke sawa vile unaivisha chikwange, dakika 40 hivi, isiguse maji. Kiisha usifungue! Inje itakauka mbio ila ndani bado, na hii mvua yetu unaweza ngojea siku 4, ngoja tu.

Kushona kwenyewe ni kadogo, pande mbili na mabega. Pembeni tia kakamba ka shanga, Fortuny alitumia za glasi za Murano, uzito wao unavuta robe chini, kwa hiyo za plastiki hapana.

Pasi isipite kamwe. Usiitundike, ipindue na kuizungusha mu kaboksi. Na ndani vaa kombinezo ya rangi moja, taa za sale zinaonyeshaka kila kitu.