Taa ya breki inayowaka na kuzima: angalia kwanza inawaka ukiwa wapi

Mimi ni fundi umeme wa magari, Ilala. Wateja wanaokuja na taa nyekundu ya breki husema, "Fundi, inawaka inapojisikia." Hapana. Kuna kitu kinaiwasha, na wa kukijua kwanza ni wewe unayeendesha. Mimi naliona gari likiwa limeegeshwa.

Kabla ya yote, kanyaga pedali. Ikizama kuliko kawaida au ikiwa laini, usiendeshe hata kufika kwangu. Ita gari la kuvuta. Yanayofuata ni kwa pedali iliyo ngumu.

Taa ikiwaka unapozunguka kipilefti, au unapofunga breki ukishuka Kimara kwenda Ubungo, kisha ikazima gari likikaa sawa, shuku mafuta ya breki. Yamepungua kidogo, gari likiinama yanahamia upande mmoja, boya lililomo kwenye kichupa cha mafuta hayo linashuka na kugusisha swichi. Egesha mahali tambarare, fungua boneti, usome alama za MAX na MIN ubavuni mwa kichupa.

Sasa hapa naomba unisikilize vizuri, maana wengi hununua chupa Gerezani, wakajaza, wakaondoka. Mafuta ya breki hayaungui kama oili ya injini. Yakishuka, ama pedi zimelika na pistoni zinazozisukuma zimetoka nje zaidi, mafuta yakazifuata, ama yanavuja. Angalia kwa ndani ya kila tairi, chini ya masta silinda (pampu kuu ya breki, iliyo chini ya kichupa), na juu ya pedali upande wa miguu yako. Ukiona unyevunyevu, gari lisitoke. Kama ni pedi, badilisha pedi: pistoni zikirudishwa ndani, mafuta yanapanda yenyewe. Uliyekwisha kujaza, siku hiyo yatafurika na kubabua rangi ya gari. Ukilazimika kuongeza, soma mfuniko wa kichupa umeandikwa DOT ngapi (ndiyo aina ya mafuta ya breki), nunua chupa ambayo haijafunguliwa, kwa sababu mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani, na joto la Dar lina unyevu mwingi.

Ikiwaka kwenye matuta au barabara ya vumbi, mafuta yakiwa sawa, nenda kwenye handibreki. Taa inapowaka, sukuma mkono wa handibreki chini kabisa. Ikizima, umeipata: swichi iliyo chini yake imelegea au imejaa mchanga. Isafishe, uirekebishe, uikaze. Magari yenye handibreki ya kukanyaga nayo yana swichi kama hiyo juu ya pedali yake.

Bado huna uhakika? Chomoa plagi ya kichupa cha mafuta. Kwenye Toyota nyingi za zamani, taa ikiendelea kuwaka, tatizo liko upande wa handibreki au waya. Ikizima, liko kwenye kichupa. Jaribu gari likiwa limesimama, kisha rudisha plagi. Ukiwa umepita kwenye maji ya mvua Jangwani, kagua plagi hiyo kama ina kutu ya kijani.

Fundi akikushauri akate waya ili taa isikusumbue, chukua ufunguo wako uondoke. Waya huo ndio utakaokuambia siku mafuta yanavuja kweli.

Ikiwaka pamoja na taa ya betri, mwambie fundi apime altaneta, ile inayochaji betri. Ikiwaka pamoja na ile ya njano ya ABS (mfumo unaozuia tairi kujifunga ukikanyaga breki), gari lisomwe kwa mashine kwanza, kabla hujanunua chochote.