Kumshusha mwenzako mwenye ulemavu kutoka ghorofani moto unapozuka

Ofisi yetu iko ghorofa ya tatu, hatua chache kutoka Mnara wa Saa hapa Arusha. Nilipokabidhiwa usalama wa jengo tukafanya zoezi la moto. King'ora kikalia, watu wakashuka, tukahesabiana kwenye maegesho. Dada wa uhasibu, anayetumia kiti mwendo, hakuwepo. Alikuwa bado juu, mbele ya lifti niliyoizima mimi mwenyewe, kwa kuwa lifti haitumiki wakati wa moto. Nilipopanda kumfuata akaniuliza, "Kaka, na mimi mpango wangu ni upi?" Sikuwa na jibu. Hatua hizi tumezipanga pamoja naye, na tumezijaribu kwenye ngazi zilezile.

Hatua ya 1: Muulize mwenyewe

Usimpangie ukiwa umejifungia na meneja. Yeye ndiye anayeujua mwili wake. Anaweza kusimama? Anaumia akishikwa wapi? Anapumua vizuri akikunjwa? Yaandikeni kwenye karatasi moja, kisha teueni wasaidizi wanne, siyo wawili, maana siku ya moto mmoja atakuwa likizo na mwingine ametoka kula. Waulize na wengine faraghani: mwenye pumu, mjamzito, aliyefungwa hogo mguuni. Nao ngazi zitawashinda.

Hatua ya 2: Ondoa makufuli

Mlango wetu wa ngazi za nyuma ulikuwa na kufuli kwa kuogopa wezi, na ufunguo anao mlinzi wa getini. Mlango wa dharura ufunguke kwa ndani bila ufunguo, basi. Mwenye jengo akisita, mkumbushe Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inataka majengo ya umma yafikike, na aliyeweza kuingia lazima aweze kutoka. Maboksi ya korido yahamishwe siku hiyohiyo.

Hatua ya 3: Ngazi

Hapa ndipo jioni nzima mbili zilitupotea, kwa hiyo soma polepole.

Kama ofisi ina uwezo, nunueni kiti maalumu cha kushushia, kile chenye mikanda chini inayoteleza juu ya ngazi. Mtu mmoja aliyefundishwa anaweza kumshusha mwenzake nacho. Kitundikwe karibu na ngazi kwenye ghorofa anayofanyia kazi mhusika. Kikifungiwa stoo hakina faida.

Sisi hatukuwa nacho, tukatumia kiti mwendo chake cha kusukuma. Mara ya kwanza tulikifunga mfuko wa saruji wa kilo 50 badala ya mtu. Nikashika pale pa kukanyagia miguu, pakachomoka mkononi, kiti na saruji vikabingirika mpaka kwenye kituo cha ngazi. Namshukuru Mungu ulikuwa mfuko. Tangu siku hiyo: shika fremu tu. Pa kukanyagia na pa kuegemeza mikono vimeundwa vitoke. Kagua na mipini ya nyuma, mpira wake ukizunguka kiganjani hautakubeba mtu.

Mwenye nguvu zaidi akae nyuma, juu ya ngazi. Wa pili awe mbele, chini, akiwatazama. Aliyekaa afungwe mkanda, uso wake uelekee mnakoshukia. Wa nyuma akilaze kiti kidogo mpaka kisimame kwenye magurudumu makubwa, kisha mshuke ngazi moja baada ya nyingine, magurudumu yakiguswa na kila ngazi. Anayehesabu ni yeye aliyekaa. Dada yetu ndiye aliyesema hivyo, na alikuwa sahihi: tulipohesabu sisi, kila mmoja alivuta kwa wakati wake. Akisema "simama", mnasimama.

Kiti mwendo cha umeme msikibebe. Kikiwa na betri kinaweza kuzidi kilo 100. Hapo watu wawili wafanye kiti cha mikono: mnashikana viganja chini ya mapaja yake na nyuma ya mgongo wake, naye anawashika mabegani. Njia hii haimfai mwenye shida ya uti wa mgongo, mifupa dhaifu au kifua. Kumbeba mtu mgongoni naikataa kabisa. Kifua kinabanwa, na ukiteleza mnaanguka wote wawili.

Bakini upande mmoja ili wengine wapite. Kama moshi haujafika, ngojeni msongamano upungue ndipo mwanze.

Hatua ya 4: Wasioona na viziwi

Asiyeona usimvute wala usimsukume. Mpe kiwiko chako akishike, mtangulie nusu hatua, umwambie ngazi zinapoanza na zinapoisha.

Kiziwi hasikii king'ora. Awe na mtu wa kumgusa bega na ishara mliyokubaliana, hasa akiwa chooni. Taa zinazowaka na kuzima ni bora zaidi.

Mwenye usonji anaweza kuganda au kukimbia kwa makelele hayo. Sentensi fupi, sauti ya chini, mtu anayemzoea.

Hatua ya 5: Kama hamuwezi kushuka

Ingieni chumba chenye dirisha la barabarani, fungeni mlango, zibeni chini yake kwa nguo mbichi. Pigeni 114, Zimamoto, mtaje jengo, ghorofa, dirisha la upande gani na kwamba yupo mtu asiyeweza kutembea. Aliye chini naye amwambie ofisa wa kwanza kufika. Msimwache peke yake isipokuwa kubaki kwenu kunawaua wote.

Hatua ya 6: Kiti chake

Aliyebebwa kwa mikono akifika maegesho anahitaji miguu yake, na miguu yake ni kile kiti. Kama si cha umeme, msaidizi wa tatu ashuke nacho iwapo njia bado ni salama. Zoezi letu la pili tulisahau, dada akakaa chini kwenye kokoto dakika kumi, akiwa na sketi ya kazini, huku wote tumesimama. Sasa jina la mbeba kiti limeandikwa kwenye karatasi, mstari wa kwanza.