Namna ya kusikiliza santuri mpya za roki progresivu na kuziandikia maoni

Safari hii zimenifikia santuri tatu kwa mkupuo, zote za roki progresivu, yaani roki yenye nyimbo ndefu na mapigo yanayobadilikabadilika: Pawn Hearts ya Van der Graaf Generator (1971), Storia di un minuto ya Premiata Forneria Marconi, wale ambao wapenzi wao huwaita PFM tu (1972), na The Snow Goose ya Camel (1975). Nitazitumia hizo kuonyesha ninavyofanya, maana kila moja ina mtego wake kwa anayetaka kuiandikia maoni. Kanuni yangu ni moja: andika jambo ambalo mwenzako mwenye santuri hiyohiyo anaweza kuliendea akalikuta. Ukimwambia albamu "inakupeleka mbali", hujampa kitu cha kushika. Ukimwambia kibwagizo hakina maneno, kimeachiwa sintesaiza (kinanda cha kielektroniki), atakwenda kukisikia mwenyewe, na mkibishana mtabishana juu ya muziki.

Kabla ya sindano kugusa chochote, andika toleo ulilonalo: nchi lilikochapwa, kampuni iliyolitoa, na namba zilizochongwa kwenye ile sehemu laini karibu na lebo, ile karatasi ya katikati, pale muziki unapoishia. Santuri mbili zenye kava moja zinaweza kuwa zimechongwa na mafundi tofauti, miaka tofauti, na zikasikika tofauti kabisa. Halafu isafishe, hata kama ni mpya, kwa sababu karatasi ya ndani huacha vumbi. Safisha na sindano pia.

Hili la usafi lina uzito wa pekee kwenye roki progresivu. Wanamuziki hawa walipenda kujaza upande mzima kwa wimbo mmoja. Thick as a Brick ya Jethro Tull (1972) ni wimbo mmoja uliokatwa katikati ili tu uweze kukaa pande mbili. Upande wa pili wa Pawn Hearts wote ni "A Plague of Lighthouse Keepers", dakika 23 za mlinzi wa mnara wa taa aliyebaki peke yake na mawazo yake. Upande ukiwa mrefu hivyo, fundi analazimika kuibananisha mifereji ambamo sindano hupita na kupunguza nguvu ya sauti. Tena kuna jambo la umbo la santuri yenyewe. Inazunguka kwa mwendo uleule, mizunguko 33 na theluthi moja kwa dakika, lakini mzunguko wa karibu na lebo ni mfupi kuliko nusu ya ule wa ukingoni. Muziki uleule unabanwa kwenye nafasi ndogo zaidi, na sindano inapata taabu kuusoma.

Sasa fikiria watunzi hawa huweka wapi kilele chao. Mwishoni, palepale sindano inapotaabika! Mwisho wa "Lighthouse Keepers" sauti za Peter Hammill, mwimbaji wa Van der Graaf Generator, zinarundikana juu ya piano na kinanda, na kwenye kopi yangu zilisikika zimekwaruzika kidogo. Kabla ya kuandika kwamba bendi imevuruga mwisho, nilizisikiliza dakika hizo hizo kwenye toleo la dijitali. Kule kila sauti inasimama mahali pake. Kwa hiyo nikaandika mambo mawili mbali mbali: utunzi ni mzuri, kopi hii ina ukwaruzo mwishoni mwa upande wa pili. Nakuomba ufanye hivyo daima. Msomaji ana haki ya kujua lawama ni ya nani.

Usikilizaji wa kwanza hauna haja ya kalamu. Kaa, zima simu, sikiliza upande mmoja kisha upumzike kabla ya kuugeuza. Usikilizaji wa pili ndio wa kazi: saa mbele yako, karatasi, na kila linalokushtua uliandikie dakika yake.

Anza na mapigo, kwa kuwa ndiyo yanayowatisha watu wengi. Huhitaji kusoma nota. Tafuta pigo linalohisi kama mwanzo, mara nyingi ni pale besi inaporudia noti zake zilezile, kisha hesabu mpaka lirudi. Wimbo mzuri wa kujifunzia ni "Money" wa Pink Floyd (1973): fuata besi, utahesabu saba. Endelea kuhesabu mpaka solo la saksafoni liishe na la gitaa lianze, utajikuta umekosea kila mara, kwa sababu hapo wimbo umehamia kwenye mapigo manne. Mwili unalegea kabla akili haijajua sababu. Ukishaonja badiliko hilo mara moja utalitafuta kila mahali, na maoni yako yataacha kusema "midundo migumu" na kuanza kusema nini kilibadilika na kilifanya nini. Ukitaka mtihani zaidi, mwanzo wa Tarkus ya Emerson, Lake & Palmer (1971) unahesabika kwa tano, na unakimbia.

Kisha ala. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kuna ala moja ambayo ukiifahamu umefungua mlango wa nusu ya albamu za miaka ya 1970: Mellotron. Ukiiangalia ni kinanda, lakini ndani ina tepu, kila kibonye na tepu yake iliyorekodiwa fidla, filimbi au waimbaji. Unapobonyeza, tepu inavutwa mbele ya kichwa cha kuisomea. Unapoachia, inarudishwa mwanzo. Tepu ina urefu wa sekunde nane hivi. Zikiisha, sauti inakatika hata kama kidole bado kimebonyeza. Kwa hiyo mpigaji hawezi kutulia juu ya noti moja, lazima ahame. Sikiliza "Epitaph" kwenye albamu ya kwanza ya King Crimson (1969) ukiwa na ujuzi huo: lile wimbi la fidla lina mtikisiko mdogo, kama pumzi ya mtu mzee, na huzuni ya wimbo imo humohumo ndani ya udhaifu wa mashine.

Santuri zangu mpya zinafaa sana kwa zoezi hili. PFM na Van der Graaf Generator wametumia Mellotron, Camel wamepigiwa na okestra halisi, London Symphony Orchestra. Weka moja baada ya nyingine. Fidla za okestra zinaanza taratibu na kufifia taratibu. Za Mellotron zinatokea zikiwa kamili na kukatika. Kwa maoni yangu okestra kwenye The Snow Goose ni nzuri lakini ina adabu kupita kiasi, na nyakati ninazozirudia ni zile ambapo Andrew Latimer ameshika filimbi au gitaa na wenzake watatu wakamfuata.

Albamu hiyo ya Camel haina mashairi kabisa, na huo ndio mtego wake. Watu huiandikia sentensi moja, "muziki mtulivu wa ala", wakaondoka. Dawa ni kuchora ramani. Chukua karatasi, andika majina ya vipande 16 kwa mpangilio, na kila mahadhi mapya yape herufi. Utagundua kwamba "The Great Marsh" inafungua na kufunga albamu, na kwamba mahadhi ya Fritha, binti wa kwenye hadithi ya Paul Gallico iliyowapa wazo, yanarudi upande wa pili kwenye "Fritha Alone", mara hii yakiwa ya mtu aliyeachwa. Hakuna neno lililoimbwa, lakini unajua nani hayupo tena. Ramani ndiyo iliyonionyesha hilo.

Kwa PFM mtego ni lugha. Wanaimba Kiitaliano, na wapo wanaoiweka santuri pembeni kwa sababu hiyo tu. Sikiliza "Impressioni di settembre": sauti ya chini, gitaa, beti linapanda polepole, unangojea kibwagizo kiimbwe, na mwimbaji ananyamaza. Sintesaiza ya Moog inachukua nafasi yake, pana, inang'aa, na kile ambacho maneno yalikuwa yanakisogelea kinasemwa bila maneno. Mwaka 1974 waliurudia wimbo huu kwa Kiingereza, nami bado nashikilia wa Kiitaliano. Silabi zake ndefu zinaingia kwenye Moog bila mshono. Tafuta tafsiri ya mashairi baadaye, baada ya kuandika ulichosikia.

Unapofika kwenye kuandika, fupisha. Taja wimbo, dakika, ala, kilichotokea, kisha hukumu yako. Mfano kutoka daftari langu, kuhusu wimbo mmoja wa Pawn Hearts: "Man-Erg: inaanza na piano na kinanda, karibu wimbo wa ibada, katikati saksafoni ya David Jackson inalipasua lote, Hammill anapiga kelele, utulivu unaporudi hauaminiki tena. Wimbo bora wa upande wa kwanza." Ukilinganisha bendi na nyingine, taja kinachofanana. Kusema "kama Genesis" bila kusema ni gitaa la Steve Hackett au piano ya Tony Banks hakumsaidii mtu. Na usichanganye urefu na ubora: wimbo wa dakika 20 unaozunguka palepale uandikie kwamba unazunguka palepale.

Jambo la mwisho ni alama. Mimi siweki nyota wala namba mpaka albamu ikae miezi kadhaa kwenye rafu na nirudi kuisikiliza bila kupanga. Pawn Hearts ilinichosha mwanzo, na sasa ndiyo ninayoitaka usiku. Ukibadili hukumu, acha ile ya zamani ionekane na uandike mpya chini yake. Vivyo hivyo ukipata toleo lililochanganywa upya, kwa mfano yale ambayo mwanamuziki Steven Wilson amewafanyia King Crimson, Yes na Jethro Tull kutoka kwenye tepu asili. Lipe ukurasa wake, kwa maana mizani ya ala imebadilika na baadhi ya uliyoyaandika kuhusu santuri ya zamani hayatakuwa kweli kwake.